Umejuaje?

Alishuka Makambako usiku wa Juni,
mikono ya koti ikiishia mbali na viganja,
kiatu cha kushoto kimefungwa kwa waya.
Utingo alidhani sanduku lina dhahabu
kwa jinsi alivyolikumbatia.
Ndani: madaftari kumi na moja
na fulana ya mtoto.

Kwao, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walisema ana mdomo.
Njombe ilimpa ukungu, blanketi la shule,
na mstari mmoja kwenye rejista:
Chawanangwa Chavula. Siasa. Wa muda.
Huo muda ulikaa miaka ishirini na sita.

Sisi wa bweni, njaa ikitukaba, tulimwita Mwalimu Chakula.
Kiswahili chake kilichechemea,
ra na la zikigombania kiti kimoja;
akitaka kusema kura, inatoka kula.
Tulicheka. Akangoja tumalize.
"Kwetu," akasema, "waliokula ndio waliopiga kula."
Kicheko kikatafuta pa kukaa, kisipaone.

Siku ya kwanza hakugusa chaki.
Alitoa kiazi mfukoni, bado kina udongo.
"Hiki nini?"
Kiazi, mwalimu.
"Umejuaje?"
Mmoja akasema kwa macho, mwingine kwa kuambiwa,
Mgaya, mtoto wa katekista, kwa neema ya Mungu.
Mligo wa dawati la nyuma, ambaye hakuwahi kujibu kitu,
akanong'ona: "Nimekipanda."
Chavula akakiweka kiazi mezani taratibu, kama yai.
"Huyu ameanza."

Jumamosi akaomba nimpeleke Uwemba,
kwenye mianzi ya mama.
Mama hakujua a wala be.
Alishika kisu, akachonga ncha changa,
akatundika mbeta, tone likaanza kuhesabu.
"Asubuhi na jioni unaukata upya," alimwambia,
"ukiusahau siku mbili, unafunga mdomo."
Mgeni akakaa chini kwenye majani yenye umande
na suruali yake ya pekee,
akaandika. Daftari la kumi na mbili, ukurasa wa kwanza:
Twilumba wa Uwemba, juu ya kufikiri.
Jumatatu akamleta mama darasani, miguu mitupu.
Mkuu wa shule alikohoa wiki nzima.

Swali likatoroka shule.
Likaingia sokoni, wanawake wa viazi wakamgeuzia dalali
na lumbesa yake: umejuaje ni gunia moja?
Likaingia kwaya, likafika hadi kilabuni.
Afisa akatangaza mbolea imefika;
ukumbi mzima, kwa sauti moja, umejuaje?
Hakuwa ameiona.

Lakini Mligo alimuuliza mkaguzi,
na Mligo akafukuzwa.
Chavula alitembea hadi kwao, maili kumi na nne za matope,
akasimama uani mvua ikimnyea.
"Nilikupa kisu," alisema, "nikasahau ala."
Mligo alikuwa anapasua mbao.
Hakusimamisha msumeno.

Mwaka ule nchi yake ilipofungua mlango
tulimchangia nauli, na debe la viazi.
Tulilia stendi kama tunaozika.
Wiki ya tatu, huyo, anashuka tena,
sanduku jepesi.
Hatukuuliza. Tuliogopa angetujibu.
Ni mama aliyemmiminia ulanzi,
akakaa naye kimya hadi kikombe cha pili.

"Nilimkuta mwenye fulana," akasema.
"Ana ndevu. Anatengeneza baiskeli.
Nikamwambia, mimi ni baba yako.
Akanitazama sana,
akaniuliza
lile swali."

Mama akangoja.

"Jibu la Mligo lilinijia mdomoni.
Nikaona aibu kulitumia."

Mama akainuka, akachukua kisu.
Mianzi ilikuwa haijakatwa tangu asubuhi.